Fomu ya Kuhamisha Ugonjwa

Nchi ninayoisimulia haipo. Mkiisaka kwenye ramani mtachosha macho bure, na msomaji atakayeona inafanana na kwao, huyo ana matatizo yake na asiniingize mimi. Ilikuwa nchi ya amani, yenye bendera nzuri, na yenye Wizara ya Afya iliyosifika kwa ubunifu. Ubunifu wake mkubwa kuliko wote ulikuwa daftari.

Zamani hospitali za huko zilikuwa na mafaili. Mafaili yakapotea, mengine yakaliwa na panya, mengine yakafungiwa maandazi. Ndipo Waziri, katika hotuba ya saa tatu na robo, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila mwananchi atanunua daftari lake mwenyewe, lile lile la shule la kurasa themanini, atalifunika kwa karatasi ya kaki, atakwenda nalo hospitali, na daktari ataandika humo. "Daftari ndilo mgonjwa!" alisema Waziri, na watu wakapiga makofi kwa nguvu, maana jua lilikuwa kali na walitaka amalize.

Madaktari waliichukua kauli ile kama ilivyo. Mgonjwa hulia, hudanganya, husema ana homa kumbe anatafuta ruhusa ya kazini. Daftari halina mambo hayo. Baada ya miaka miwili hapakuwa na daktari hata mmoja aliyeinua macho kumtazama mtu. Madaftari yalipanga foleni juu ya benchi, wenye madaftari wakakaa nje kivulini, na dawa zikatolewa dirishani.

Mwalimu Mashavu Kondo alikwenda hospitali ya wilaya siku ya Jumanne kwa ajili ya sikio, lililomuuma wiki nzima. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na tisa, mnene kidogo, mwenye sauti ya kusikika mpaka uwanja wa mpira, na alifundisha darasa la saba. Mkobani alikuwa na madaftari sitini na matatu ya insha aliyomaliza kuyasahihisha, yote yamefunikwa kwa kaki. La kwake la hospitali lilikuwa humo humo, nalo limefunikwa kwa kaki. Msomaji ameshaelewa. Daktari hakuelewa, na wala hakulipwa ili aelewe.

Mada ya insha wiki ile ilikuwa ile ambayo kila aliyepita shule ya msingi ameiandika: jifanye kitu kisicho na uhai, kisha simulia maisha yako. Watoto wengi walikuwa kalamu na majembe. Lakini daftari alilolichomoa mwalimu kwa haraka, mkono mmoja umeshika sikio, lilianza hivi:

"Mimi ni mlango wa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Nimetengenezwa kwa mbao za mninga. Watu wakinigonga mchana huambiwa Mkuu yuko kikaoni, lakini mimi namwona yuko kwenye kochi amevua viatu. Soksi yake ina tundu kwenye kidole gumba. Mwezi uliopita masanduku ya dawa za zahanati yaliingia kwangu kumi na mawili. Yaliyokwenda zahanati ni matatu. Mengine yaliondoka na gari la shemeji yake. Mimi huhesabu kwa sababu sina kazi nyingine. Nikibamizwa huumia, ila hakuna anayeniuliza."

Chini yake, kwa wino mwekundu: "18/20. Nimeipenda sana. Endelea hivi hivi!"

Juu ya jalada hapakuwa na jina. Wizara ya Elimu, ambayo nayo ilikuwa na ubunifu wake, ilikuwa imekataza majina ili walimu wasipendelee, hivyo jalada lilikuwa na namba tu, 0417. Muuguzi akachungulia dirishani: "La nani hili?" Mwalimu Mashavu, kwa maumivu ya sikio, akajibu, "Langu, mwanangu. Mashavu Kondo." Jina likaandikwa chini ya namba, na mambo yakawa yamekwisha.

Daktari Chambuso alikuwa na madaftari mia moja na arobaini asubuhi ile. Alilisoma hilo kwa dakika mbili nzima, jambo alilolisimulia baadaye kwa fahari. Kisha akaandika: "Mgonjwa anaamini kuwa yeye ni mlango. Huona yasiyokuwepo, mfano masanduku. Ana nafsi ya pili, yenye wino mwekundu, ambayo humpa alama na kumhimiza aendelee. Hana malalamiko mengine. UMLANGO, DARAJA LA PILI." Akapiga muhuri.

Mwalimu Mashavu alipopewa barua dirishani alicheka kwanza. Aliusoma mstari wa umlango akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akafika mstari wa mwisho: haruhusiwi kusimama mbele ya wanafunzi, na ndani ya siku thelathini ajipeleke mwenyewe Nyumba ya Utulivu, kule kilimani. Hapo akatafuta pa kukaa.

Hakuna aliyewahi kurudi kutoka Nyumba ya Utulivu. Msinielewe vibaya, hakuna aliyeuawa kule. Ni fomu ya kurudia tu ndiyo ilikuwa haijachapwa.

*

Idara ya Mapitio ya Akili ilikuwa ghorofa ya pili, na aliyeishika ni karani mmoja kijana aitwaye Lukindo. Kwa bahati, au tuseme kwa mzaha wa dunia, Lukindo alikuwa amefundishwa kusoma na Mwalimu Mashavu huyo huyo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akasimama kwa heshima.

"Marahaba, Lukindo. Hujambo baba?"

"Sijambo, mwalimu. Tafadhali usisimame hapo mlangoni."

"Kwa nini?"

"Waraka unasema mgonjwa wa aina yako asiachwe karibu na milango. Mnaweza mkazoeana."

Mwalimu alikaa kwenye benchi la mbali, akaeleza kila kitu: sikio, mkoba, insha, wino mwekundu. Akalitoa daftari lake halisi la hospitali, lenye malaria zake za miaka saba, akaliweka mezani. Lukindo alisikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa, kama alivyofundishwa darasani.

"Maelezo mazuri sana, mwalimu. Yameandikwa wapi?"

"Si nakueleza mimi hapa?"

"Ndiyo tatizo lenyewe."

"Basi nataka kupimwa upya. Ni haki yangu, au siyo?"

"Ni haki yako kabisa. Ila nikuonye kwa sababu wewe ni mwalimu wangu. Kuukana ugonjwa ni dalili ya nne ya ugonjwa. Kuukubali ni dalili ya kwanza."

"Na nikinyamaza?"

Lukindo aliona haya. "Mwalimu, milango hunyamaza."

Akamwambia aje kesho. Kesho akamwambia aje keshokutwa. Kwa wiki mbili Mwalimu Mashavu alipanda ngazi zile kila asubuhi, sikio limejaa pamba, na kila mchana alipita nyuma ya shule kusikiliza. Darasa lake lilikuwa limekabidhiwa kengele. Mwalimu mkuu aliagiza igongwe kila baada ya dakika arobaini ili watoto wajue somo limebadilika, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tano. Alikuwa akisimama kwenye uzio, anawasikia wanafungua vitabu vya hisabati wenyewe kwa wenyewe, na moyo unamuuma kuliko sikio.

Siku ya kumi na tano Lukindo alimwita karibu na kuteremsha sauti.

"Mwalimu, nimeuliza huko juu. Ugonjwa wako haufutiki."

"Haufutiki? Hata kama sina?"

"Umeshahesabiwa. Wizara imepeleka idadi Ikulu, wagonjwa wa akili elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Siku ya Taifa Mheshimiwa Rais ataisoma mbele ya mabalozi. Tukikufuta wewe, tumemfanya Mheshimiwa mwongo kwa mtu mmoja."

"Kwa hiyo nife na umlango?"

"Hapana. Kufuta hakuna, ila kuhamisha kupo." Akafungua droo, akatoa karatasi ya kijani. "Fomu Namba Tisa, ya Kuhamisha Ugonjwa. Umesema insha ni ya mwanafunzi. Jaza jina lake hapa. Jopo likiridhika, ugonjwa unakwenda kwake, wewe unarudi darasani siku hiyo hiyo. Jopo linakaa siku ya ishirini na tisa."

Mwalimu Mashavu aliipokea ile fomu. Sitaficha, alifurahi. Alishuka ngazi mbili mbili kwa umri ule.

*

Rejista ya namba na majina ilikuwa moja tu, na ilikuwa nyumbani kwake ndani ya kabati. Namba 0417 ilikuwa ya Siwema Mbaruku. Mwalimu alimkumbuka mara moja: mtoto wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mkimya, hanyooshi mkono, lakini ukimwuliza kitu anajua.

Alijipa moyo. Ni mtoto, alisema. Watamwona, watacheka, watajua ni insha, hadithi imekwisha. Hata hivyo hakutaka kuandika jina la mtoto wa watu bila kumwambia mzazi. Mchana ule akaenda kwao.

Mama Siwema alikuwa uani anafua. Alimpokea kwa adabu, akampa kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufua. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Unajua mimi nafanya kazi wapi, mwalimu?"

"Sijui, mama."

"Nasafisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Siwema akitoka shule hunisubiri kule mpaka nimalize deki. Anakaa nyuma ya mlango, pale pembeni, maana ndipo pana kibaridi. Hakuna anayemwona."

"Uliisoma ile insha ukampa kumi na nane," alisema Mama Siwema. "Hukushtuka?"

"Nilidhani amebuni. Nilisema huyu mtoto ana kipaji cha kubuni."

"Mwanangu hajui kubuni." Alikamua nguo moja, akaikamua tena ingawa maji yalikwisha. "Nakala ya daktari imefika mezani kwa Mkuu. Mwanzo alifurahi, akasema kumbe ni kichaa tu. Halafu akaanza kujiuliza kichaa amejuaje habari za soksi. Amebadilisha kitasa. Juzi amenisalimia. Miaka sita nasafisha pale, mwalimu, hajawahi kunisalimia."

Mwalimu aliitazama ile fomu ya kijani mapajani mwake. Alijisikia vibaya, kwa sababu bado aliitaka.

"Siwezi kukuzuia," Mama Siwema alisema. "Na wewe una maisha yako. Kama utaandika, niambie siku tu. Nimnyoe mwenyewe kabla hawajaja. Nasikia kule kilimani wananyoana kwa wembe mmoja."

Mwalimu Mashavu aliinuka, akaaga. Njiani aliikunja fomu mara nne na kuitia kifuani. Alikuwa hajaamua. Ningependa kuwaambia aliamua pale pale, ingependeza, lakini hakuamua. Usingizi ulimpaa siku kumi na tatu, na kila siku alikuwa na sababu mpya ya kuandika jina, na kila sababu ilikuwa nzuri.

*

Siku ya ishirini na tisa, saa nne asubuhi, Jopo lilikaa. Nje ya jengo lilisimama gari jeupe la Nyumba ya Utulivu, injini inanguruma, maana dereva alikuwa na hakika hatangoja sana.

Mezani walikuwa watatu. Katikati alikaa Mwenyekiti, Profesa Mlowe, mtu mrefu mwenye tai pana. Kulia kwake Daktari Chambuso, makamu wake. Kushoto alikaa bwana mmoja mwenye miwani myeusi ambaye hakutajwa jina, aliyeelezwa tu kwamba "anatoka kwa Mkuu wa Wilaya na anapenda mambo ya afya." Mbele yao paliwekwa kiti kizuri chenye mto, na juu ya kiti paliwekwa daftari. Mwalimu Mashavu aliambiwa asimame nyuma yake. Lukindo alikaa pembeni kuandika kumbukumbu.

Profesa alisimama. "Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Jopo, Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, ndugu Katibu, ndugu Daftari, itifaki imezingatiwa. Taifa lolote lenye akili ni lile linalojua ni nani kati ya watu wake asiye na akili. Kwa msingi huo imara, na kwa kutambua, na kwa kuzingatia, na bila kuathiri, natangaza kikao hiki kimefunguliwa." Akakaa, akajifuta jasho, kikao kikawa kimefunguliwa.

Wakamwuliza leo ni siku gani. Akajibu. Wakamwuliza jina la Rais na vyeo vyake vyote kumi na vinne. Akavitaja kwa mpangilio, kwa sababu vilikuwa vimebandikwa ukutani darasani kwake. Wakamwuliza saba mara nane. Daktari Chambuso aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama.

"Kumbe ni mama mtu mzima," alisema kwa mshangao.

"Mimi kwa kweli namwona mzima," alisema Profesa Mlowe, na alisema kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya. "Dalili za uzima ni nyingi, zinatia moyo."

Mwalimu alihisi moyo unapanda. Karibu mwezi mzima alikuwa hajasikia neno hilo. Alianza kuliona darasa, ubao, chaki.

Yule bwana wa miwani akainama mbele. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya upole.

"Kama ni mzima, hakuandika yeye. Kama hakuandika yeye, kuna aliyeandika. Fomu Namba Tisa iko wapi?"

Mwalimu Mashavu aliitoa kifuani, imelowa jasho. Bwana wa miwani aliikunjua, akaiangalia mbele na nyuma.

"Pa jina pako wazi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Jaza." Akasukuma kalamu. "Jina moja tu, mama, leo hii unalala kwako. Mkuu wa Wilaya ana hamu kubwa ya kumsaidia huyo mgonjwa. Ana hamu kweli kweli."

Kalamu ilibingirika mpaka ukingoni mwa meza ikasimama. Mwalimu hakuigusa.

"Au hujui ni nani? Si neno. Kesho gari litapita shuleni. Tutawapima wote sitini na watatu, na kila mtoto tutamwuliza mama yake anafanya kazi gani."

Hapo ndipo alipoamua, wasomaji wangu. Hakuna sauti iliyotoka mbinguni. Alichofikiria ni mama mmoja uani anakamua nguo isiyo na maji. Akasema:

"Niliandika mimi."

"Mwandiko ni wa kitoto."

"Mlango umesoma wapi, mheshimiwa?"

Lukindo aliacha kuandika. Profesa Mlowe alimtazama daktari, daktari akalitazama daftari. Sasa ikawa kazi. Kwa siku ishirini na tisa mwanamke huyu alikuwa amejitahidi aonekane mzima na akashindwa. Sasa alikuwa na dakika chache za kuonekana mgonjwa, na wao wameshaanza kumwamini.

"Haiwezekani," alisema Profesa. "Ametaja vyeo vyote kumi na vinne."

"Huning'inizwa kwangu," alisema mwalimu.

"Tufanye jaribio la kitaalamu," alisema Profesa. Aliinuka, akazunguka meza, akasimama mbele yake karibu kabisa. Akakunja ngumi, akamgonga begani mara tatu, ko, ko, ko. "Hodi."

Ninaomba mfikirie jambo hili. Mtu aliyelelewa na mama mwenye adabu, ambaye kwa miaka arobaini na tisa hajaacha hodi moja ianguke chini, anaposikia hodi, mdomo hujibu kabla ya kichwa. Mtu huitikia hodi akiwa jikoni, akiwa bafuni, akiwa na homa. Mwalimu Mashavu alilisikia neno karibu likipanda kooni. Akaubana ulimi kwa meno. Akatazama mbele, ukutani.

"Hodi," alisema Profesa, akagonga tena.

Ulimi ulianza kutoa damu. Alionja chumvi yake. Nje injini ya gari ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena.

"Hodi jamani, wenyewe mpo?"

Hili lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu Profesa alilisema vizuri, kwa sauti ya jirani aliyeleta mboga. Midomo ya mwalimu ilitetemeka. Machozi yalimjaa. Hakuitika.

Profesa alirudi nyuma hatua mbili, uso umembadilika. "Hajaitika," alinong'ona. "Mabwana, hodi tatu, na hajaitika. Hakuna mtu katika nchi hii anayeweza hivyo."

Bwana wa miwani alisukuma kiti chake nyuma. Aliinuka taratibu, akaja, akaweka kiganja kifuani kwa mwalimu na kumsukuma. Mwalimu akaenda nyuma hatua moja, kisha akarudi polepole mahali pake, na katika kurudi akatoa mlio mwembamba kooni, wa bawaba isiyotiwa mafuta.

"Masanduku mangapi yaliingia?"

"Kumi na mawili."

"Yaliyokwenda zahanati?"

"Matatu. Mengine kwa gari la shemeji."

"Nani mwingine alikuwepo? Nani alikaa nyuma yako?"

"Nyuma yangu kuna ukuta."

Bwana yule akasogeza uso mpaka pumzi yake ikasikika. "Tundu la soksi. Mguu gani?"

Insha haikusema. Mwalimu Mashavu alijua kwamba kuna majibu mawili, na kwamba moja ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Akabahatisha.

"Kushoto."

Miwani myeusi haikuonyesha chochote. Kisha bwana yule akarudi kitini, akakaa kwa uzito, akaichana Fomu Namba Tisa vipande vinne.

"Ni mlango," alisema.

*

Uamuzi ulisomwa na Profesa Mlowe akiwa amesimama. Jopo, kwa kauli moja, lilimpandisha mgonjwa kutoka Umlango Daraja la Pili hadi Daraja la Kwanza, la kudumu. Lilimpongeza Daktari Chambuso kwa umakini wake. Lilitambua kwamba idadi ya Mheshimiwa Rais imebaki salama. Walipiga makofi, na Lukindo akapiga makofi pia, taratibu, macho yake yako sakafuni.

Mwalimu Mashavu alisimama pale akitetemeka kwa furaha na kwa hofu, asijue ipi ni ipi. Siwema alikuwa salama kwa leo. Kesho aliyekuwa akiijua ni yule bwana wa miwani, ambaye alikuwa ameshatoka kwenda kumwambia dereva afungue mlango wa nyuma.

Chumba kilipobaki na watu watatu, Lukindo akiwa wa tatu, Profesa Mlowe alijifanya anakusanya makaratasi. Aliyakusanya, akayatawanya, akayakusanya tena. Mwisho akamsogelea mwalimu, akatazama huku na huku.

"Samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Mlango wa ofisi yangu mimi. Ule wa kijivu, ghorofa ya tatu. Nyinyi... huwa mnaongea?"

Mwalimu alimtazama. Ukweli alikuwa amewaambia karibu mwezi mzima, kwa ushahidi na kwa viapo, na hakuna aliyeuchukua. Uongo wake ulikuwa na umri wa dakika kumi, na profesa mzima wa chuo kikuu alikuwa anauomba zaidi.

"Tunaongea kila siku," alisema.

Profesa akapauka. "Unasema nini?"

"Mengi."

"Unataka nini? Uambie nitaupaka rangi. Nitautia mafuta."

Alitamani kuomba lake. Tamaa ile ilimjaa mpaka kooni: nirudisheni nyumbani. Lakini mlango unaoomba kurudi nyumbani ni mtu, na akiwa mtu, basi insha ina mwandishi wake, dawati la tatu, upande wa dirisha.

"Unataka watoto wa darasa la saba wasipimwe wala wasiulizwe kitu," alisema. "Unataka wapewe mwalimu kesho asubuhi, wafanye mtihani wao kwa amani. Ukisikia mtoto mmoja ameguswa, utafunguka."

Profesa Mlowe aliandika yote hayo, akapiga muhuri mara tatu, mmoja juu ya mwingine. Ilikuwa amri ya Jopo, na amri ya Jopo hata Mkuu wa Wilaya hakuweza kuitengua bila kikao kingine, na kikao kingine kilihitaji bajeti ya mwaka ujao. Nchi ile ilikuwa na faida zake.

*

Lukindo ndiye aliyepangwa kumsindikiza. Alikaa mbele, pembeni mwa dereva, na magotini alikuwa na daftari jipya la kurasa themanini, limefunikwa kwa kaki, maana Daraja la Kwanza huanzishiwa daftari lake na kila kinachotokea njiani lazima kiingizwe humo. Mwalimu Mashavu alikaa nyuma peke yake, kamba imepitishwa kiunoni mwake ili asifunguke.

Gari lilipita barabara ya shule. Kengele ilikuwa inalia, dakika arobaini zimeisha, na watoto walisikika wakibadilisha vitabu. Dereva alifungua redio.

Lukindo aligeuka kidogo. Alisema polepole, chini ya sauti ya redio.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu Mashavu hakuitika.

"Mwalimu, ni mimi Lukindo. Ulinifundisha kushika kalamu. Niambie tu kama ni kweli, sitamwambia mtu. Shikamoo."

Alimpenda kijana yule. Alitaka kumwitikia kuliko alivyotaka chochote siku ile. Dereva alikuwa amepunguza sauti ya redio na anatazama kwenye kioo. Mwalimu aliangalia mbele, mdomo umefungwa, na machozi yakaanza kumtoka, kwanza kidogo, kisha mengi, yakishuka mashavuni na kulowesha kanga, bila mlio wowote.

"Vipi, analia huyo?" aliuliza dereva. "Mbona milango hailii? Hebu andika hiyo, waione kule juu."

Lukindo alimtazama mwalimu wake kwa muda mrefu. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza, akashika kalamu vizuri, na akaandika kwa herufi za kusomeka: "Saa tano na dakika ishirini. Mlango unapitisha maji."